Kabati la Milango Mitatu na Barua Yenye Muhuri

Ilikuwa Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri, barua ilipotoka kwenye printa ikiwa bado na joto, na benchi la nje likaacha habari za mpira likaanza kesi. Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali sita, umeegemea ukuta wa kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, pale vichochoro viwili vinapokutana. Kushoto hukaa Rufaa, aliyekuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini. Amebeba mafaili mengi hata siku hizi anaamini aliyasoma. Katikati ni Antena, fundi wa redio na simu, ambaye kwake kila balaa la dunia ni mambo ya mawimbi. Kulia, na birika lake juu ya jiko la mkaa, ni Shemeji muuza kahawa, aitwaye hivyo na watu wote ingawa hakuna ajuaye ameolewa na ndugu wa nani. Siku hiyo aliyesimama katikati yao, vumbi la mbao kwenye nyusi, alikuwa Randa seremala. Barua ilikuwa yake.

Nyuma ya dirisha la kibanda alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye benchi lilimwita Nakala. Nakala alikuwa na shahada ya ukutubi na mazoea ya kuhesabu karatasi mara mbili. Kila karatasi iliyotoka kibandani mwake aliigonga muhuri wa duara, wino wa buluu, wenye jina la kibanda na tarehe, tangu mteja mmoja alipodai kapewa kurasa kumi na moja badala ya kumi na mbili. Kwa hiyo alasiri ile, barua ilipotoka, mkono uligonga kabla kichwa hakijamaliza kusoma. Kichwa kilipomaliza, akanyoosha mkono airudishe. Lakini karatasi ilikuwa imeshapita dirishani.

— Isome, Rufaa, — alisema Randa. — Soma kwa sauti, na hao walionicheka eti kabati haliuziki kwenye simu, wasikie.

Rufaa alivaa miwani, akakohoa kikohozi cha mahakamani.

— "Mpendwa Muuzaji. Malipo ya kabati lako yamepokelewa na yamehifadhiwa salama katika benki yetu. Mnunuzi ameongeza nauli ya mchukuzi juu ya bei. Mtumie mchukuzi nauli hiyo kwa namba iliyo hapa chini kabla ya saa kumi jioni ya leo, ndipo malipo yote yafunguliwe. Ukichelewa, malipo yatarudishwa kwa mnunuzi."

— Yafunguliwe! — Antena akapiga goti. — Maana yake yamefungwa.

— Na kitu kilichofungwa kipo, — alisema Rufaa. — Huwezi kufunga kitu kisichokuwepo. Hapo mahakamani umeshashinda.

— Na muhuri huu hapa, — Randa akaonyesha kwa kidole chenye gundi. — Wa buluu. Haujakauka hata.

Nakala alitoa kichwa dirishani.

— Mjomba, huo muhuri ni wangu.

— Najua ni wako, mpwa wangu. Nani amekataa? Mungu akuzidishie.

— Ninamaanisha benki haijagonga. Nimegonga mimi. Mimi nagonga kila kitu. Juzi nimegonga tangazo la mbwa aliyepotea.

— Na mbwa alipatikana! — alisema Shemeji akimimina kahawa.

Ilikuwa kweli. Mbwa alipatikana siku ya pili, akiwa mnene kuliko alivyopotea. Nakala akarudisha kichwa ndani.

Ndani hakukaa vizuri. Yeye ndiye aliyeanzisha mambo haya. Wiki tatu nyuma alikuwa amelipiga picha lile kabati, akaliweka kwenye mtandao wa kuuza na kununua, akamfungulia mjomba anwani ya barua pepe na kumfundisha kuisoma kwenye simu. Kabati la milango mitatu, kazi ya miezi miwili, halina msumari hata mmoja unaoonekana. Na hiyo nauli ya mchukuzi, mjomba angeitoa wapi? Alijua wapi. Kwenye pesa ya mbao, ambayo ndiyo hiyo tu. Kabati likiondoka na pesa ya mbao ikaondoka, karakana ingebaki na msumeno na mwangwi.

Alitoka nje na simu yake mkononi. Saa tisa na dakika ishirini.

— Mjomba, tazama anwani ya aliyeandika. Jina, halafu tarakimu saba, halafu huduma ya bure, hii hii ninayotumia mimi. Benki haiandiki kutoka huko. Yako nilikufungulia kwa dakika tano, hapa dirishani, hukuulizwa hata kitambulisho.

— Tarakimu saba ni masafa, — alisema Antena. — Kila benki ina masafa yake, kama stesheni ya redio. Binti, wewe umesoma vitabu, mawimbi hujasoma. Ukiona vyaelea vimeundwa. Barua pepe inaelea hewani au haielei?

— Inaelea, — alisema Randa.

— Basi imeundwa. Na kitu kilichoundwa si uongo.

— Hata uongo unaundwa, Baba Antena.

— Hapo unataka kuleta ubishi.

— Angalia basi salio tu, Mjomba. Kama pesa imeingia, itaonekana.

Randa alishika simu, lakini Rufaa akainua mkono kama anayezuia gari.

— Asiangalie! Pesa hiyo iko rumande. Imekamatwa, imehifadhiwa, inasubiri dhamana. Nauli ndiyo dhamana. Umewahi kuona mtu anatoka rumande bila dhamana? Na saa za kumtembelea hazijafika. Utaangalia, utaona sifuri, moyo utakufa bure.

— Mimi naona iko juu zaidi ya rumande, — alisema Antena. — Iko kwenye satelaiti. Pesa nyingi hivyo ni nzito, haishuki yenyewe. Unapandisha kidogo, kile kidogo kinaivuta kubwa. Kama ndoo ya kisima.

— Ndoo ya kisima hushuka tupu ikapanda na maji, — alisema Shemeji.

— Kisima cha juu kinakwenda kinyume, Shemeji. Usinichanganye.

Shemeji alifuta kikombe kwa kona ya kanga yake. Alikuwa na nadharia yake, na alikuwa ameisubirisha ili ipate moto.

— Ninyi mnahangaika na pesa. Mimi nahangaika na mnunuzi. Mwanamume gani hununua kabati la milango mitatu? Nguo za mwanamume hukaa kwenye kiti. Huyu anaoa mke wa pili kwa siri. Ndiyo sababu hawezi kuja mwenyewe, ndiyo sababu anaharakisha, ndiyo sababu hataki risiti. Mficha uchi hazai.

— Sasa kama hazai, — aliuliza Randa, — kabati la nini?

— La kufichia huo uchi. Akili zako wewe Randa ziko kwenye gundi.

Benchi lilicheka mpaka ubao ukalia. Nakala hakucheka. Aliuliza, kwa sauti iliyomtoka nyembamba kuliko alivyopanga:

— Mjomba, huyo mnunuzi alijieleza vipi?

Randa alitoa karatasi nyingine mfukoni mwa shati. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo yake ilikuwa imeanza kulegea kwa kufunguliwa.

— Ni daktari. Yuko kazini ng'ambo, hawezi kuja kuliona. Lakini picha ameziangalia. Sikiliza alivyoandika. "Milango yako inakutana kama kurasa za kitabu. Wewe si seremala, wewe ni msanii. Bei uliyosema naikubali, sitapunguza hata senti."

Akaikunja tena, taratibu.

— Usiache mbachao kwa msala upitao, — alisema Rufaa kwa uzito. — Mbachao wako ni huyu daktari. Mshikilie.

— Mbachao si ule mkeka wa zamani ulio nao nyumbani, Baba Rufaa? — aliuliza Nakala. — Huyu ndiye anayepita.

— Binti, methali haina mkono wa kushoto.

Hakuna aliyejua maana yake, kwa hiyo wote wakaitikia kwa vichwa.

Saa tisa na dakika thelathini na tano. Nakala aliingia ndani. Akaketi, akaandika kwenye kompyuta kama alivyofundishwa kuandika: sababu ya kwanza, anwani si ya benki, sababu ya pili, barua haimtaji mjomba kwa jina, inasema Mpendwa Muuzaji kama vile waliandikiwa wauzaji wote wa dunia, sababu ya tatu, anayelipa haombi kwanza kulipwa, sababu ya nne, haraka yote hii ni ya nini? Akasahihisha nukta moja. Akachapa. Akatoka nayo.

Rufaa aliipokea, akaigeuza nyuma na mbele.

— Haina muhuri.

— Sijagonga.

— Basi haya ni maoni tu.

Nakala alirudi ndani, akagonga, akatoka. Rufaa akaziweka karatasi mbili magotini, moja kila goti, akazitazama kama mtu aliyeletewa mapacha.

— Hii ni kesi ngumu. Nyaraka mbili, muhuri mmoja, tarehe moja, na zinapingana. Utaratibu unasema iliyogongwa kwanza ndiyo kubwa. Barua ya benki ina umri wa dakika thelathini zaidi.

— Baba Rufaa, muhuri ni wa kibanda!

— Na hukumu ni ya benchi.

Ndipo Nakala, ambaye hakuwahi kupandisha sauti hata kwa paka, akaingia kibandani akatoka na muhuri na kidau cha wino. Akagonga gazeti la Antena. Akagonga ganda la sigara. Akagonga mfuko wa sukari ya Shemeji. Akainama akagonga benchi, kati ya Rufaa na Antena, mara mbili.

— Haya! Benchi nalo limelipwa? Sukari imetoka benki?

Shemeji aliutazama mfuko wake.

— Sukari hii sasa siuzi bei ile ile, — alisema.

— Benchi lisihamishwe, — alisema Rufaa. — Lina tarehe.

Mikono ya Nakala ilikuwa buluu hadi kwenye viwiko, na machozi yalikuwa karibu, yale ya hasira ambayo humfanya mtu aonekane amekosea. Mjomba aliyaona. Akamshika bega, akamvuta pembeni, penye dirisha.

— Mpwa wangu. Nimeuza makabati miaka ishirini. Mtu akija, kwanza hulipiga teke mguu. Halafu husema mbao mbichi. Halafu hutaka nusu bei na umpelekee mwenyewe kichwani. Hakuna aliyewahi kuniambia milango yangu ni kurasa za kitabu. Tapeli anajulia wapi mambo ya kitabu?

Nakala alijua jibu. Tapeli hutafuta kile ambacho mtu amekikosa miaka ishirini, akampa kidogo. Lakini neno hilo lilikuwa na makali ya pande zote mbili.

— Nikikosea, — alisema mjomba, — nitakuwa nimekosea mwenyewe. Wewe muhuri wako hauna dhambi.

Akatoa simu. Saa tisa na dakika arobaini na nane. Akaanza kubonyeza namba ya mchukuzi, tarakimu moja moja, huku Antena akimsomea kutoka kwenye barua kwa sauti ya mtangazaji. Walikuwa kwenye tarakimu ya sita gari dogo la mizigo lilipoingia kichochoroni kwa kurudi nyuma, likasimama hatua moja kutoka kwenye birika. Dereva alishuka, mtu mpana mwenye taulo shingoni.

— Habari za hapa, wakubwa. Karakana ya Randa ni ipi? Nimeagizwa kabati.

Benchi lilisimama lote kwa pamoja, kitu ambacho halikufanya hata siku nyoka alipopita chini yake.

— Mnaona! — Antena alipiga kelele. — Gari limekuja! Masafa yamekamata!

— Shahidi amefika mwenyewe mahakamani, — alisema Rufaa. — Mpe kahawa, Shemeji, iandike kwa Randa.

Nakala aliegemea ukuta. Gari lilikuwa gari kweli, na dereva alikuwa dereva kweli. Kwa dakika nzima aliona sababu zake nne zinaanguka moja baada ya nyingine, na hata aliona haya kwa ajili ya benchi lililochafuka wino.

— Karibu sana, mchukuzi, — Randa alisema, uso umefunguka. — Umekuja wakati wake. Nauli yako ndiyo hii, nilikuwa katikati ya kuituma.

Dereva alishusha kikombe.

— Unanitumia nauli wewe?

— Benki imeagiza.

— Mimi benki hainijui. Nimepigiwa simu asubuhi na mtu, akasema nichukue kabati hapa, nilipeleke ghala lile la njia panda, nitalipwa nikishusha. — Akasogea, akaichungulia barua kwenye mkono wa Antena. — Hii ndiyo namba mnayoitumia nauli?

— Ndiyo hiyo. Ya mchukuzi.

— Mchukuzi si ndiye mimi? — alisema dereva. — Sasa namba hii ni ya nani?

Rufaa aliichukua barua, akaigeuza, akatafuta jibu nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Antena alitazama juu, labda kwa satelaiti. Shemeji alitikisa birika bila sababu. Randa alibaki na kidole juu ya simu, tarakimu sita zikingoja ndugu zao.

Aliyesogea ni Nakala.

— Kaka, naomba unionyeshe namba iliyokupigia asubuhi.

Dereva alitoa simu. Nakala akasoma kwa sauti, tarakimu moja moja, akigusa barua kwa ukucha wa buluu kila moja ilipokubaliana na mwenzake. Alipofika ya mwisho alirudia tena kuanzia mwanzo, kwa kuwa ndivyo alivyo. Zilikuwa zile zile. Yule mnunuzi wa ng'ambo na mchukuzi wa nauli walikuwa wanatumia simu moja.

— Kwa hiyo na mimi, — alisema dereva polepole, — ningelibeba kabati hadi njia panda bure?

— Ungelibeba, — alisema Nakala. — Mjomba angekuwa ameshalipa nauli, lakini si kwako. Na huko ghalani angekupokea mtu wa kukushukuru.

— Mungu wangu. Na mafuta nimetia kwa mkopo. — Dereva aliketi, juu ya muhuri mbichi kabisa. — Mzee, alikuomba umpunguzie?

— Hakuomba hata senti, — alisema Randa.

— Asiyeomba apunguziwe huyo hana nia ya kulipa. Mimi nikisikia mteja hanung'uniki, nazima gari.

Randa alifuta zile tarakimu sita. Alizifuta moja moja pia. Kisha akaangalia salio lake, akaligeuzia benchi kioo cha simu: pesa ya mbao tu. Rufaa alivua miwani.

— Nitakata rufaa, — alinong'ona, ila hakusema dhidi ya nani.

— Mawimbi leo yalikuwa na mvurugo, — alisema Antena. — Nilisema mapema, hamkunisikia.

— Lini ulisema? — aliuliza Shemeji.

— Kwa ndani.

Dereva alikuwa wa kwanza kucheka, halafu Shemeji, halafu benchi lote, na Nakala naye, kicheko chake kikitoka vipande vipande. Randa hakucheka. Alikuwa ametoa tena ile karatasi yenye mikunjo minne.

— Jamani, — alisema, — nauliza kitu kimoja tu. Haya mambo ya pesa nimeelewa. Lakini lile la milango kukutana kama kurasa za kitabu. Na lenyewe ni la uongo?

Rufaa alitazama viatu vyake. Shemeji aliinua birika ili amimine, kwa kuwa mtu akikosa neno humpa mwenzake kahawa, lakini ndani lilibaki tope tu. Dereva akashukuru, akaondoka na duara la buluu kwenye makalio ya suruali, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Alhamisi, saa moja kasoro robo asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, Nakala alikuwa karakanani. Alimwomba mjomba ruhusa, akaifungua ile anwani ya barua pepe, akazipitia barua zote, zilizosomwa na zisizosomwa, mpaka zile za kwenye kapu la taka. Akakuta tatu kutoka kwa mtu mmoja, mama mkunga.

— Mjomba, huyu mama mkunga hukumjibu kwa nini?

— Msumbufu huyo. Barua ya kwanza tu anataka nimpunguzie. Nyingine sikufungua.

Nakala alifungua ya tatu, akasoma kwa sauti:

— "Kaka, nimekuandikia mara tatu hujibu. Nasikia matapeli huchukua picha za makabati ya watu. Kama wewe si mmoja wao, niambie kina cha kabati, kwa sababu mlango wangu ni mwembamba, na uniruhusu nije kuliona mchana nikiwa na dada yangu. Na hiyo bei uipunguze, kwani kabati lenyewe ni la dhahabu?"

Mjomba aliisogelea simu, akaichungulia. Kisha akasema:

— Ananiita tapeli mimi?

— Anakuuliza. Nipe futi kamba.

Alipima kina mara tatu, mara moja juu, mara moja katikati, mara moja chini, akaandika majibu yote matatu kwenye kiganja kabla ya kuyaamini. Kisha akaketi juu ya gogo, simu magotini, akaandika: "Kabati lipo. Kina chake ni sentimita hamsini na nane. Njoo mchana, uje na dada yako, na usitume chochote kwa mtu yeyote kabla hujalifungua milango yote mitatu kwa mkono wako."

— Mwambie na bei haipungui! — mjomba alisema kutoka nyuma ya kabati, ambako alikuwa ameanza kulifuta vumbi kwa nguvu.

Nakala akaandika, "Bei tutazungumza," akaituma kabla mjomba hajazunguka.